Mkono Mmoja Hautoi Batiki
(Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Tunamshukuru Mungu kutufikisha miaka kumi. Tulianza kwa kuweka na kukopa, kila mama na biashara yake: huyu vitumbua, yule mitumba, mwingine mkaa. Habari za hisa na mikopo Mweka Hazina ameshazisoma. Sisi tutasema juu ya batiki, maana hapo ndipo tulipobishana sana mwaka huu.

Wapo wenzetu wanaosema: miaka kumi imetimia, tugawane masufuria, mihuri na fedha za vitambaa, kila mtu akachovye kwake. Si maneno mabaya. Anayeuza peke yake hagawani faida na mtu. Lakini jamani, tuitazame kazi yenyewe.

Batiki moja inapita mikono mingapi? Mmoja anakata muhuri wa sponji. Wa pili anayeyusha nta na kugonga. Wa tatu anapima rangi na dawa zake. Wa nne anachemsha kitambaa nta itoke. Wa tano anapiga pasi na kupeleka Mtaa wa Uhuru. Nta ikipoa hainasi, kwa hiyo anayegonga hawezi kuacha akapime rangi.

Na ile nakshi yetu ya korosho inayopendwa, nani atasema ni yake? Mmoja aliichora, mwingine akasema kubwa mno, binti mmoja akaigeuza upande, muuzaji akarudi na maneno ya wateja kwamba wanaitaka kwenye pindo. Ndiyo ikawa hiyo.

Jambo hili hatukulianza sisi. Wazee wanasimulia kuwa katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mkono sita zikiwa hazijakatwa, wakazikata tatu tatu, wakaziunga kwa sindano kuwa nguo moja. Ndiyo mwanzo wa kanga.

Tena tunao mfano wa hapa hapa Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za mafuta juu ya ubao mwembamba. Hakuficha ufundi wake. Aliwafundisha ndugu na jamaa. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa makosa, akafariki. Angekuwa mchoyo, kazi ingezikwa naye. Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Leo jina la mtu mmoja limekuwa jina la uchoraji mzima.

Na sisi tumeyaona kwa macho. Soko la Kariakoo lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, wenzetu wawili walipoteza mali yao yote. Masufuria ya kikundi hayakuwa sokoni. Wiki iliyofuata walikuwa wakigonga nta pamoja nasi, watoto wakapata uji. Kama tungekuwa tumeshagawana, wangeanzia wapi?

Tuseme ukweli lakini: yapo malalamiko ya haki. Mtu anakuja saa nane, kazi imekwisha, anataka fungu sawa na aliyeamka alfajiri. Hilo ndilo linalovunja umoja. Kwa hiyo Kamati inaleta mambo matatu. Kwanza, liwepo daftari la kazi, kila mtu alipwe kwa alichofanya. Pili, nakshi zote zibaki mali ya kikundi. Tatu, anayetaka kuchovya kwake aazime vyombo kwa ada ndogo, avirudishe safi.

Tutapiga kura kwenye mkutano mkuu ujao. Anayekataa asiseme pembeni kisimani. Aje aseme mbele yetu, tutamsikiliza.

Tunawashukuru waume zetu waliotuvumilia na harufu ya nta, majirani waliotupa uwanja wa kuanikia, na wateja wetu wote. Kidole kimoja hakivunji chawa.