Daktari wa Mfalme

Filamu ya A Royal Affair, ya 2012, yatuonyesha habari za Caroline Mathilde, aliyeolewa na Mfalme Christian wa Saba wa Denmark mwaka 1766, akiwa na miaka 15. Mfalme alikuwa mgonjwa wa akili. Daktari wake Struensee, mwana wa mchungaji, akazini na malkia. Naye ndiye aliyekomesha desturi ya kuwatesa washtakiwa ili wakiri! Mema hayo hatuyakani, wala hatuyafanyi pazia la dhambi. Alikatwa kichwa Aprili 1772. Lakini gerezani Mchungaji Münter alimwendea mara nyingi, wakazungumza habari za Kristo. Kwetu sisi, aangukaye hivyo huendewa na nani? Twamsema nje ya kanisa baada ya ibada, basi. Malkia naye alitenganishwa na watoto wake, akafa ugenini 1775, ana miaka 23.