Koti la Pauni Tano

Asubuhi ya leo nataka kuwasimulia habari ya koti la mtoto, nami naomba mnivumilie, kwa maana habari yenyewe hainipi sifa.

Mwaka 2014 nilikuwa Uingereza pamoja na mke wangu na watoto, nikimaliza masomo katika chuo cha theolojia. Wakati wa kurudi nyumbani ulipokaribia tulipima mizigo. Ndege iliruhusu kilo 23 kwa kila mtu, na nguo za baridi peke yake zilikuwa mzigo mkubwa. Jirani akatushauri tuziuze kama wafanyavyo watu wa huko, yaani kwenye buti ya gari.

Labda hamjapata kuona soko la namna hiyo. Ni uwanja tu, pengine shamba la majani la mkulima. Mwenye vitu huja alfajiri na gari lake, hulipa pauni chache langoni, huegesha katika mstari, kisha hufungua buti na kupanga vitu mezani: nguo, vyombo, viatu vya watoto waliokwisha kukua. Husimuliwa kwamba aliyeanzisha jambo hili kule, miaka ya 1970, alikuwa padre Mkatoliki wa mji wa Stockport aliyetafuta fedha za kusaidia wahitaji, akiwa ameliona kwanza Kanada. Siku hizi wengi huuza kwa faida yao wenyewe, tena mara nyingi Jumapili asubuhi, jambo lililonisumbua. Sisi tulipata soko la Jumamosi.

Mapema sana wachuuzi walituzunguka, wakiingiza mikono ndani ya buti kabla hatujatoa kitu. Hao hununua rahisi wakauze ghali kwingine. Fulana zikatoka kwa peni 50. Mke wangu aliuza vizuri kuliko mimi, ila sweta zilizofumwa na mama yake alizificha chini ya kiti bila kuniambia.

Yapata saa tatu akaja mama mmoja na mvulana wake wa miaka kama sita. Akalishika koti la buluu. Lilikuwa koti zuri, lakini zipu yake ilikuwa na tabia ya kukwama katikati, na tulipolivalisha tulihitaji mafuta ya mshumaa na subira. Nikamwambia pauni tano. Akaanza kuivuta zipu ili kuijaribu, huku akiniuliza natoka wapi na nafanya kazi gani. Nikajibu, natoka Kenya, mimi ni mchungaji.

Alipolisikia neno hilo aliiachilia zipu. Akatabasamu, akatoa pauni tano, akaenda zake.

Mnaona, ndugu zangu, sikusema uongo. Nilinyamaza tu. Ni binti yangu aliyevunja kimya: “Baba, si hilo ndilo koti lenye zipu mbovu?” Nami nikamwambia aende akamsaidie mama yake kukunja nguo.

Baada ya kitambo nilitoka kumtafuta yule mama. Nilipita mistari yote ya magari, lakini watu walikuwa wengi nami sikumwona tena. Nilimfikiria Zakayo siku ile. Yeye akitaka kurudisha mara nne, watu wa mji wake aliwajua, na nyumba zao alizijua. Mimi nilikuwa na pauni tano mkononi na sina mlango wa kubisha.

Usiku nikafungua kitabu cha Hesabu, sura ya 5. Huko torati yaamuru mkosaji arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Na ikiwa hakuna wa kupokea, malipo ni ya Bwana, yaani apewe kuhani. Nikacheka kwa uchungu: basi fedha inirudie mimi mwenyewe! Kesho yake nikatia pauni sita katika sanduku la maskini kanisani. Lakini najua kwamba majira ya baridi yalipofika, mvulana yule alisimama mlangoni na zipu iliyokwama.

Miaka michache baadaye nilikwenda Gikomba kununua shati. Mwenye kibanda, mama wa makamo asiyenijua, alilichagua moja kutoka kwenye rundo, akaligeuza ndani nje, akanionyesha kwapani. “Hapa limeshonwa, Mzee. Lione kabla hujalipa.” Nilinunua mawili, wala sikuomba apunguze bei.

Tuombe. Ee Bwana, mvulana yule sasa amekuwa mkubwa, na koti lile halimwenei tena. Umbariki yeye na mama yake popote walipo. Uwakumbuke nao wanaofungua vibanda asubuhi hii, na robota wasizojua zina nini ndani. Amina.