Mashine ya Kusaga Matawi: Ijaribuni Kabla ya Kulipa

Kikundi kinachotaka mashine ya kusaga matawi ili kupata matandazo ya shamba kisikimbilie bei. Mashine ya kusimikwa kwenye zege haifuati matawi shambani. Matawi ndiyo hubebwa kuifuata. Basi kwanza pimeni: matawi ya mibuni na miwati mnayokata kila mwaka yanatosha kuilisha?

Halafu pelekeni mzigo wenu wenyewe, mbichi na mkavu, wenye mafundo, usagwe mbele yenu. Injini ikizimika-zimika, msilipe. Ulizeni pia: nyundo na mikanda ya akiba inapatikana wapi? Mkanda una kinga? Mkono ukivutwa haurudi.

Fedha ya kikundi ni jasho la wengi.