KUPUNGUZA GHARAMA PASIPO KUWATUPA WATU
(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa tawi)



Sisi wa ghala la mizigo tumetumwa kueleza jambo moja, yaani hii habari ya kupanga kazi upya ili gharama zipungue. Likitajwa tu, kila mtu hushika tumbo. Sababu twaijua: wakubwa wakisema gharama, mara nyingi hutazama kwanza orodha ya mishahara.

Lakini tusikatae kwamba hasara ipo. Ipo, na sisi ndio tunaoiona. Behewa lililosimama haliingizi hata senti moja. Katika stesheni moja tuliyopata kufanya kazi, behewa lilishushwa mzigo asubuhi, likakaa hadi siku ya tatu, kwa kuwa karatasi yake ilikuwa mezani pa mtu aliyekwenda safari. Namba ile ile ya behewa iliandikwa mahali panne: langoni, ghalani, kwa karani wa hesabu, na kwa msimamizi. Kosa likitokea, tuliulizwa sisi makuli! Mwisho walipunguzwa wapakuzi wawili, na yale madaftari manne yakabaki yote manne. Mabehewa yakachelewa zaidi.

Uingereza walipitia haya. Mwaka wa 1963 Bwana Richard Beeching, mkuu wa reli za huko, alitoa ripoti akitaka stesheni 2,363 zifungwe, na njia za reli kama maili 5,000. Njia nyingi zilifungwa kweli, watu wengi wakakosa kazi, na hata hivyo reli ikaendelea kupata hasara. Mwaka wa 1968 ilitungwa sheria ili serikali ilipie zile njia za abiria zisizo na faida lakini zinazohitajiwa na watu.

Hayo ndiyo yanayokumbukwa. Lakini ripoti ile ile ilikuwa na shauri jingine, nasi twaliona jema: mizigo itiwe katika makontena, na treni iende moja kwa moja, pasipo mabehewa kukatwa na kuungwa njiani. Treni hizo zilianza mwaka wa 1965. Kilichopunguzwa hapo ni kungoja. (Hatusemi kontena halikumwumiza mtu; makuli wengi wa bandarini walipoteza kazi kwa ajili yake. Ndiyo sababu Chama kitakiwe mezani mapema, siyo baada ya barua kwisha kupigwa chapa.)

Basi tumeomba hivi. Kabla ya jina la mtu yeyote kukatwa, behewa moja lifuatwe tangu kufika hadi kuondoka, na kila saa liliyosimama iandikwe pamoja na sababu yake. Wa kulifuata wawe wawili, mmoja wetu na mmoja wa ofisi. Na yule ambaye kazi yake itaondolewa na mpango mpya, afundishwe kwanza kazi nyingine.

Wenzetu wa langoni wamekwisha anza kuandika saa katika daftari la shule. Anayeweza kusaidia zamu ya usiku amwone katibu wa tawi. Penseli ipo.