Moto Ndani ya Nyumba Zetu

Shukrani zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Ndugu Waislamu, amepokea Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) kwamba usiku mmoja mjini Madina nyumba iliungua na wenyewe wamo ndani. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari zao, aliwaambia watu kuwa moto ni adui yao, basi walalapo wauzime. Na katika riwaya ya Jabir (R.A.) akabainisha sababu: panya huenda akaukokota utambi wa taa, akawaunguza wenye nyumba. Tazameni! Mtume aliyekuwa akiteremshiwa wahyi hakuona dogo kutaja panya na utambi. Wala hakuishia kusema kuwa lililoandikwa limekuwa. Aliwafundisha la kufanya.

Sisi nyumba ikiteketea twaambiana ni kudra. Naam, hapana litokealo nje ya kudra Yake. Lakini aliyetia mafuta ya taa katika jiko hali tambi zake zingali zinawaka, huyo ana jawabu gani? Kudra si pazia la kufunikia uzembe wetu.

Na fikirini mwezi wa Ramadhani. Magharibi inakaribia, karai la mafuta liko motoni, sambusa zangoja. Mtoto analia uani, au mgeni anapiga hodi, na mpishi anatoka, kwa nia ya kurudi mara moja. Mafuta yakizidi kupata moto hutoa moshi, kisha huwaka yenyewe, hata ndimi za jiko zisipoyagusa. Hapo mtu hukimbilia kata ya maji, na maangamizi yamo katika kata hiyo. Maji ni mazito kuliko mafuta. Huzama chini yake, yakageuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hutaka nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya maji. Basi huyarusha mafuta yanayowaka usoni mwa mtu na juu darini. Na paa likiwa la makuti, yaliyobaki mwayajua.

Lipasalo ni kuzima jiko ikiwa mkono wafika kwa salama, na kulifunika karai kwa kifuniko au sinia la bati. Moto ukikosa hewa hufa. Karai lisibebwe kupelekwa nje, wala lisifunuliwe mpaka lipoe. Kifuniko hicho kiwekwe karibu kabla jiko halijawashwa, na ncha za kanga zifungwe vyema.

Nanyi mlioketi mbele yangu, msidhani khutba hii ni ya walioko majumbani wanaoisikiliza kwa redio. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alipokuwa nyumbani aliwatumikia watu wake. Mpira wa gesi uliopasuka waungoja nani kuununua? Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, na ile harufu imetiwa makusudi ili ituonye. Mkiisikia, msiwashe kiberiti wala msiguse swichi ya taa. Fungeni mtungi, fungueni milango, tokeni.

Yuko pia muuzaji achanganyaye petroli na mafuta ya taa ili apate faida. Mtume (S.A.W.) alimtoa mwenye kughushi katika kundi lake, na hapo ilikuwa ni nafaka tu iliyolowa ndani. Huyu wetu anauza mauti kwa chupa, na anayejua akanyamaza amemsaidia.

Akiungua mtu, mwagieni mahali palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Msimpake dawa ya meno, wala yai, wala samli. Hayo huzuia joto lisitoke, na humtaabisha mganga.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, mmoja wenu aingie jikoni, mwanamume au mwanamke, atazame makaa, jiko na mtungi, kwa nia ya kufuata sunna.

Nasema kauli yangu hii, nami namwomba Mwenyezi Mungu maghufira, yangu na yenu.