Nafasi Jukwaani ni ya Wote
Hotuba iliyotolewa katika sherehe ya kumbukumbu ya hekalu letu, Kitete, Tabora

 

Wazee wetu wa Kigujarati walifika Unyanyembe kwa njia ya misafara itokayo Bagamoyo kuelekea Ujiji. Wengine walikuja baada ya reli kufika Tabora mwaka 1912. Walifungua maduka, nasi tukarithi meza zao. Labda ndiyo maana katika vichekesho vya runinga Mhindi huwa mtu mmoja tu: mwenye duka, Kiswahili chake kibovu, mkono wake mgumu. Wajukuu wetu hutazama, hucheka kidogo, kisha hunyamaza. Kunyamaza huko hutuuma.

Mwaka 2021 ilitoka filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji, Mtanzania mwenzetu mwenye asili ya Kihindi, kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Humo Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar, anaikimbia ndoa asiyoitaka, na kumpenda Denge, kijana anayepinga utawala wa Mwingereza. Ikhlas Gafur Vora na Gudrun Columbus Mwanyika wanaigiza bega kwa bega, kwa Kiswahili, wala hakuna aliye pambo la mwenzake. Filamu hiyo ilioneshwa Toronto, na Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar. Tulipoitazama, tulijiona watu kamili.

Lakini anayedai haki sharti naye aitoe. Kwa miaka mingi watoto wa majirani wamekuja hapa wakati wa Diwali kushiriki igizo la Ramayana. Rama, Sita na Lakshmana tuliwachagua miongoni mwa watoto wetu. Jeshi la Ravana tuliwaachia wao. Hatukukusudia ubaya. Hatukufikiri kabisa, na hilo ndilo kosa lenyewe. Mwaka jana binti mmoja wa jirani, mwenye sauti nzuri kuliko wote, alituuliza kwa adabu: “Babu, sisi tutakuwa mashetani hadi lini?” Hatukuwa na jibu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kwa hiyo tunapendekeza mbele yenu kwamba kuanzia Diwali ijayo nafasi zitolewe kwa kipaji peke yake. Binti yule, wazazi wake wakiridhia, aigize Sita. Tunajua wapo watakaonung'unika. Sisi wenyewe tulinung'unika moyoni kabla ya kukubali.

Nanyi majirani, tuna ombi. Mtungapo michezo yenu, mpeni mtoto wetu nafasi ya daktari, ya mwalimu, au ya mkulima wa tumbaku wa hapa hapa Tabora. Duka litangoja.