Majibu Yarudi Kijijini: Ruzuku Ndogo kwa Mikutano ya Sayansi ya Jamii

Haya ni maelezo ya mada iliyotolewa na mratibu wa ruzuku ndogo mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili. Tunaichapisha kwa sababu wajumbe wengi waliomba nakala.

Nimepewa nusu saa, na katibu amekwisha kuninong’oneza kwamba wapishi wako tayari. Nitajitahidi.

Katika rasimu ya bajeti mliyogawiwa asubuhi kuna fungu jipya: ruzuku ndogo kwa ajili ya mikutano ya hadhara ya sayansi ya jamii. Wakati wa chai mjumbe mmoja alinivuta pembeni akaniambia, “Mwalimu, zahanati yetu nusu haina paa, na wewe unataka tulipie watu wakae waongee?” Swali lake ni la haki. Mada yangu yote ni kujaribu kumjibu.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Sayansi ya jamii ni elimu inayomchunguza binadamu akiwa pamoja na wenzake: anavyozalisha mali na kuigawana, anavyooa na kurithisha, anavyotawaliwa, anavyohama. Wachumi wamo, wanasosholojia wamo, na wanaohesabu watu wamo. Ninyi mmekwisha kushiriki. Karani wa sensa alipokaa barazani kwenu mwaka 2022, ile ilikuwa sayansi ya jamii. Sensa hiyo ilipata watu 61,741,120 nchini Tanzania, wakati ile ya mwaka 2012 ilikuwa imepata 44,928,923. Wengi tunazikumbuka namba hizo kubwa. Mimi napenda zaidi namba ndogo: wastani wa watu katika kaya ulishuka kutoka 4.7 hadi 4.3. Chukueni jumuiya yenye kaya 30. Kwa wastani wa zamani ingekuwa na watu 141. Kwa wastani wa sasa ina 129. Wale kumi na wawili wako wapi? Ni watoto ambao hawakuzaliwa, ni vijana waliokwenda mjini wakaanza kaya zao, au ni wazee waliobaki peke yao ndani ya nyumba kubwa? Namba haisemi. Ili kujua kwenu ni lipi, lazima watu wakae, waione namba, waseme.

Na hapo ndipo tulipo na deni. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya udadisi, ile ya kupita nyumba kwa nyumba na madodoso. Niliuliza watu mambo ambayo hata mchungaji wa roho haulizi: mnakula mara ngapi kwa siku, nani anashika fedha, mtoto gani alifariki na akiwa na umri gani. Baada ya miaka mitatu nikarudishwa kijiji kilekile na dodoso jingine. Mama mmoja mzee alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, kisha akaniuliza, “Baba, yale niliyokuambia mara ile, uliyapeleka wapi?” Sikuwa na jibu. Ripoti ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, ikazinduliwa hotelini, na mimi mwenyewe sikuwa na nakala. Yule mama alijibu dodoso la pili, lakini alijibu kwa mkato, na nina hakika baadhi ya majibu aliyatunga tu ili niondoke. Utafiti usiorudisha majibu huwachosha watu, na watu waliochoka hutoa takwimu mbovu. Takwimu mbovu ndizo baadaye zinazotuletea miradi isiyotufaa.

Wageni wetu wanaotoka Uingereza wanajua kwamba tatizo hili si la kwetu pekee. Baraza la taifa lao la kugharamia utafiti wa aina hii lilianzishwa mwaka 1965, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Michael Young. Mtu huyu mwaka 1957, pamoja na mwenzake Peter Willmott, alikuwa ametoa kitabu kuhusu familia za wafanyakazi wa Bethnal Green, mashariki mwa London. Serikali ilikuwa ikiwahamisha watu wa mitaa ile ya msongamano kwenda kwenye nyumba mpya nje ya jiji, zenye bafu na bustani. Wao walikwenda kuuliza maisha yakoje. Walikuta kwamba nyumba zilikuwa nzuri, lakini binti aliyezoea kwenda kwa mama yake kila siku sasa alikuwa mbali naye, na majirani hawakufahamiana. Wapangaji wa miji walikuwa wamehesabu vyumba, undugu hawakuuhesabu. Wale kati yetu ambao wazazi wetu walihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970 hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Pamoja na kazi nzuri kama hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 baraza lile lilinusurika kufutwa. Waziri aliyehusika, Sir Keith Joseph, hakuwa na imani nalo, akamwomba Lord Rothschild alichunguze. Taarifa ya mwaka 1982 ilishauri lisifutwe. Likabaki, lakini mwaka 1983 likabadilishwa jina, na neno “sayansi” likaondolewa. Tangu hapo linaitwa Baraza la Utafiti wa Uchumi na Jamii. Mtazamo wangu, na ni wangu tu, ni kwamba elimu ambayo wananchi hawaijui haina wa kuitetea siku mkubwa mmoja anapoamua kuifyeka.

Mwaka 2003 baraza hilo lilianzisha juma la sayansi ya jamii, ambalo leo ni tamasha la kila mwaka. Kilichonivutia ni namna fedha zilivyotolewa. Halikujenga jumba wala kununua muda wa televisheni. Lilitoa vifungu vidogo kwa watafiti wenyewe, na kwa miaka kadhaa kikomo kilikuwa pauni 1,000 kwa tukio moja, ili wawafikie watu wasio wasomi: wanafunzi, wazee, wafanyabiashara, watu wa mtaani. Siku hizi vyuo vikuu ndivyo vinavyoratibu sehemu kubwa ya matukio hayo.

Wala tusidhani kwamba sisi ni wanafunzi tu katika jambo hili. Miaka ya 1970, wilayani Bagamoyo, ulikuwepo mradi wa utafiti ulioitwa Jipemoyo, wa wizara yetu ya utamaduni pamoja na Akademia ya Ufini. Marja-Liisa Swantz, mmoja wa waliouongoza, alikuwa ameingia nchini mwaka 1952 kama mwalimu huko Ashira, Marangu. Katika mradi ule wanakijiji walishiriki kutaja tatizo, kulichunguza na kuyajadili matokeo. Neno “shirikishi” ambalo leo tunalibandika kwenye kila andiko la mradi lilikuwa na jasho ndani yake wakati ule.

Sasa nije kwenye paa la zahanati, maana najua mjumbe wangu ananitazama.

Katika parokia moja niliyoifanyia kazi, kamati ilijenga kioski cha maji. Ndoo moja shilingi 50. Mwaka wa kwanza kilikwenda vizuri, mwaka wa pili mapato yakashuka, na familia za bondeni zikarudi kuchota mtoni. Kamati ikakaa. Wengine walisema watu wa bondeni ni wakaidi, wengine wakasema ni umbali. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili alikuwa anafanya utafiti pale, na takwimu zake zilionyesha wazi kwamba kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kioski, ndivyo inavyonunua ndoo chache. Kamati ikaafiki kujenga kioski cha pili bondeni. Makisio yalizidi shilingi milioni saba.

Kabla ya kutia saini, tuliomba binti yule aje kuwasomea watu alichokipata. Tulikodi viti, tukapika uji na mihogo, tukamlipia nauli, tukanunua karatasi kubwa za kubandika ukutani. Jumla haikufika laki nne. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi, akachora kioski, barabara na bonde. Alipofika kwenye umbali, mama mmoja wa bondeni alisimama na mtoto mgongoni. “Dada, umechora vizuri. Lakini si umbali. Mtoni ni mbali zaidi. Ni chenji.”

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu ilikuwa kweli. Watu wa barabarani wana biashara ndogondogo, sarafu wanazo. Wa bondeni wanapata fedha kwa kibarua, noti ya elfu moja au mbili. Mhudumu wa kioski hana chenji, anaandika kwenye daftari kwamba mama fulani anadai 900. Kesho yake mhudumu ni mwingine, na daftari halionekani. Ukidhulumiwa mara tatu unarudi mtoni, na watoto wanarudi kuumwa matumbo. Binti yule alikuwa ameuliza maswali arobaini na mbili. La chenji halikuwemo. Aliandika palepale, na baadaye akabadilisha sura nzima ya tasnifu yake.

Kioski cha pili hakikujengwa. Parokia ilichapisha tiketi, zikauzwa ishirini ishirini baada ya misa na katika duka la bondeni. Nyumba nyingi zilirudi kioskini. Sikufichi kwamba zipo chache ambazo hazikurudi, na hadi naondoka pale hakuna aliyetuambia sababu. Lakini hesabu ya paa la zahanati ni hiyo, ndugu yangu mjumbe. Laki nne ziliokoa milioni saba.

Nimeona pia upande wa pili. Mahali pengine ruzuku kama hiyohiyo iliishia kwenye fulana, bango na chakula cha wageni. Mgeni rasmi alingojewa tangu saa tatu hadi saa nane. Alipofika, muda wa mtafiti ukawa dakika kumi, akazitumia kusoma slaidi za Kiingereza, na umeme ulipokatika akafunga kompyuta. Hakuna mwanakijiji aliyeuliza swali. Taarifa ya mwisho ilisema walengwa 200 walifikiwa. Walifikiwa na fulana.

Kwa hiyo katika fungu tunaloomba tumeweka masharti ambayo baadhi yenu mtayaona magumu. Ruzuku moja isizidi shilingi laki nane. Mwombaji awe kamati ya parokia, na mtafiti awe mgeni wa kamati, wala isiwe kinyume chake. Angalau nusu ya muda iwe ya wananchi kuuliza na kubisha, na yatakayosemwa yaandikwe na mtu wa hapohapo. Lugha iwe ile inayozungumzwa sokoni; kama ni Kisukuma au Kigogo, tafuteni mkalimani, na huyo alipwe vizuri, kwani bila yeye mkutano haupo.

Kuhusu siri za watu tafadhali muwe wakali. Kitabuni ukisoma kwamba “kaya tisa zinaongozwa na wajane wasio na shamba”, hiyo ni takwimu. Ukisoma hivyo chini ya mwembe wa kijiji chenye kaya themanini, kila mtu anaanza kuhesabu kwa vidole, na umewataja kwa majina. Mambo ya maradhi, mirathi na ugomvi wa ndani kamati iyapitie kwanza na mtafiti, na yale yanayomfichua mtu yasiletwe hadharani.

Mtafiti aonyeshe kibali chake cha utafiti, na serikali ya kijiji ipewe taarifa mapema. Najua baadhi ya kamati bado zina hofu ya kutaja namba mbele ya watu. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopinga zile rasmi. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa tena na adhabu hiyo ikaondolewa. Hata hivyo, semeni namba imetoka wapi na ilipatikanaje. Ni adabu ya kazi.

Kwa wafadhili wetu nina ombi moja. Msituombe idadi ya waliohudhuria kama kipimo cha kwanza. Tuombeni tuwaeleze jambo moja ambalo mtafiti alisahihishwa, au jambo moja ambalo kamati ilibadilisha. Kama hakuna, tutaandika kwamba hakuna, na mtatuamini zaidi siku tutakapoandika kwamba lipo.

Fomu ni ya ukurasa mmoja, inaweza kujazwa kwa mkono, na makatibu wa parokia watapewa leo kabla ya kuondoka. Nauli na uji vimo katika bajeti. Posho ya kukaa haimo. Naona mikono imekwisha kuinuliwa kule nyuma, kwa hiyo Ndugu Mwenyekiti, tuanze na hilo.